Gazeti la Kila Ijumaa: Miaka 125 ya Matangazo Rasmi, Kutoka Mombasa Hadi Makueni

Kuna aina moja ya tangazo ambalo ni nadra kulikosa katika Gazeti Rasmi la Kenya. Linaanza kwa jina la mtu, likafuata sanduku lake la posta, kisha maelezo kwamba yeye ndiye mmiliki wa kipande cha ardhi cha hekta kadha wa kadha, kilichoko wilaya fulani na kusajiliwa kwa nambari fulani. Halafu linasema kuwa umetolewa ushahidi wa kutosha kwamba hatimiliki ya shamba hilo imepotea. Mwishoni msajili wa ardhi anatoa ilani: siku 60 zikipita bila pingamizi, atatoa hatimiliki mpya. Inafuata tarehe, jina la msajili, cheo chake, na tangazo la mtu mwingine.

Kwa msomaji wa mjini, hilo ni karatasi tu. Kwa familia yenye shamba kwenye miteremko ya Mukaa, kaunti ya Makueni, juu ya barabara kuu inayopita Salama, linaweza kuwa jambo kubwa kuliko habari zote za wiki. Huenda hati imeliwa na mchwa, imeungua pamoja na nyumba, au marehemu mzee aliificha mahali ambapo hakumwambia mtu. Na huenda haijapotea kabisa, bali iko kwenye sanduku la ndugu mmoja ilhali mwingine ameenda kwa msajili kusema imepotea. Siku 60 zimewekwa kwa ajili ya hilo hasa. Zinamsaidia yule tu aliyepata habari.

Novemba 1, 2024 gazeti hili lilitimiza miaka 125. Wakenya wengi hawalihesabu miongoni mwa magazeti. Lakini ukitazama ukurasa wa kwanza, pamoja na nembo ya taifa na maneno ya kwamba limechapishwa kwa mamlaka ya Jamhuri ya Kenya, utaona kwa herufi ndogo kuwa limesajiliwa kama gazeti katika Posta Kuu. Hutoka kila Ijumaa, na siku nyingine yoyote serikali ikiwa na jambo lisiloweza kungoja. Halina picha, halina mhariri wa michezo, halina barua za wasomaji. Hata hivyo, ni vigumu kutaja gazeti jingine nchini lililochapisha majina mengi kiasi hicho ya watu wa kawaida wa mashambani: wakulima, wajane, walimu wastaafu, wenye maduka. Kwa muda mrefu pia halikuwepo gazeti lililokuwa mbali nao kuliko hili.

Mizizi yake iko pwani. Zanzibar ilikuwa na gazeti lake la serikali tangu mwaka wa 1892, lililohudumia visiwa na Afrika Mashariki kwa jumla. Waingereza walipojitwalia utawala wa bara, walihitaji chombo chao cha kutangazia amri, na Novemba 1, 1899 likatoka Mombasa toleo la kwanza la Gazeti Rasmi la Himaya za Afrika Mashariki na Uganda. Kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki wakati huo alikuwa Sir Arthur Hardinge. Matoleo ya mwanzo yalibeba kile ambacho dola changa huwa nacho kwa wingi, yaani kanuni na uteuzi. Nani amepewa wilaya gani, nani amekwenda likizo, sheria ipi imeanza kutumika.

Inafaa kukumbuka hali ya Ukambani, ambako Makueni iko, mwaka huo. Reli ilikuwa imekatiza nchi ya Wakamba, ikafika Nairobi mwezi Mei 1899, na John Ainsworth, aliyetawala mkoa wa Ukamba kutoka Machakos, akaihamishia ofisi yake huko. Wakati huohuo njaa kuu ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye ilikuwa ikiwamaliza watu, na ndui ikiifuata nyuma. Watu walitembea kutafuta chakula kandokando ya njia ya reli, wengi wakafia njiani. Gazeti lililokuwa likianza Mombasa lilitumia lugha ambayo hawakuijua, na lilizungumza na maafisa. Wao walikuwa wale wanaotawaliwa kwa kanuni zilizochapwa ndani yake.

Makao makuu yalipohamia Nairobi katika mwongo uliofuata, gazeti nalo likahama. Mwaka wa 1920 himaya ikawa koloni, na jina la gazeti likabadilika ili kwenda sambamba. Kurasa zikaongezeka pamoja na walowezi: ushirika wa kibiashara uliovunjwa, kampuni zilizofilisika, alama za biashara, mirathi ya Wazungu na Wahindi waliokufa huku. Mwafrika wa Kitui au Machakos alitajwa mara nyingi zaidi kwa jumla, kama kabila au kama hifadhi, kuliko kwa jina lake. Mwaka wa 1926 mipaka ya hifadhi za Waafrika ilitangazwa rasmi katika gazeti hilo. Kwa aya chache za vipimo vya milima na mito, ilikatwa sehemu ambayo Mkamba angeruhusiwa kuiita kwao. Malisho mapana nje ya mstari huo, ambako mifugo ilizoea kupelekwa wakati wa kiangazi, yakawa mali ya Taji au ya walowezi.

Matokeo yalionekana miaka kumi na miwili baadaye. Ardhi ya hifadhi ilikuwa imechakaa, na mwaka wa 1938 serikali ikaamua kuwa dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Wanyama walichukuliwa na kuuzwa kwa bei ya chini, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River mwaka huohuo. Mwishoni mwa Julai, Wakamba wa Machakos, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka kwenda Nairobi kumwona Gavana Brooke-Popham. Waliongozwa na Muindi Mbingu na Chama cha Wanachama wa Ukamba. Walipiga kambi mjini kwa wiki kadhaa wakidai ng'ombe wao warudishwe. Agosti gavana akaenda mwenyewe Machakos kuzungumza na wananchi. Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini mpango wa kuuza mifugo kwa lazima ukaachwa. Leo jina lake liko kwenye mtaa katikati ya Nairobi.

Kisa hicho hukumbukwa kama historia ya siasa, na ni haki. Kinastahili pia nafasi katika historia ya matangazo ya umma. Serikali ya kikoloni iliamini kwamba sheria ikishachapwa, mtu ameshaambiwa. Watu waliolala nje Nairobi mwaka wa 1938 walikuwa wakisema kwamba hawakuambiwa, wala hawakuulizwa, na ilibidi watembee hadi mlangoni kwa mkubwa ndipo wasikilizwe.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, gazeti halikusita hata wiki moja. Kazi yake kubwa vijijini sasa ikawa ardhi. Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya mwaka 1968 iliwapeleka maafisa katika maeneo ya jadi kupima mashamba na kuandika wamiliki. Sajili ilipokamilika, iliwekwa wazi kwa siku 60 ili mwenye malalamiko alete pingamizi. Hapa sheria ilifanya jambo la maana: sajili ilisomwa hukohuko kwenye eneo, si Nairobi tu. Mzee aliweza kwenda kutazama kama mpaka wake umefika kwenye mti aliouonyesha. Sehemu kubwa za Makueni, ambayo ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Machakos hadi mwaka wa 1992, zilipitia utaratibu huo polepole mno, na familia nyingi zikazika wazee wawili watatu kabla ya hati kutoka.

Ndipo yakaja matangazo ya mirathi. Sheria ya Urithi ilipitishwa mwaka wa 1972 na kuanza kutumika Julai 1, 1981. Tangu hapo, shamba likiwa bado kwa jina la marehemu, haliwezi kugawanywa kihalali bila kupitia mahakamani. Mwanzo wa safari ni barua ya chifu inayowataja warithi wote. Faili inafunguliwa mahakamani, kwa watu wa upande wa Salama mara nyingi Kilungu au kwingineko kulingana na thamani ya mali. Kisha jina la marehemu, tarehe na mahali alipofia, pamoja na jina la anayeomba usimamizi, huchapishwa katika Gazeti Rasmi. Yeyote mwenye pingamizi ana siku 30.

Kurasa za mirathi ndizo zinazoumiza zaidi kuzisoma, hasa zile za mwisho wa miaka ya 1980 na miaka ya 1990. Mahakama baada ya mahakama, safu baada ya safu, mke akiomba mali ya mume, mzazi akiomba mali ya mwanawe. Gazeti halisemi mtu alikufa kwa nini. Linasema tu alifariki wapi na lini, na kwamba maombi yameletwa na mjane wake au ndugu yake. Mwanahistoria anayetaka kujua ni nani alibaki na mashamba ya Ukambani, na ni wanawake wangapi walithubutu kwenda kuyadai kwa majina yao, hatapata kumbukumbu nyingi zilizo bora kuliko hizi.

Nyuma ya kila tangazo kuna masharti, na Mpiga Chapa wa Serikali, ambaye kiwanda chake kiko Haile Selassie Avenue, Nairobi, amekuwa akiyachapisha kwenye gazeti lenyewe ili mtu asiseme hakujua. Tangazo liandaliwe kwenye upande mmoja wa karatasi ya A4, hata likiwa dogo namna gani. Liwe limepigwa chapa kwa nafasi mbili kati ya mistari, bila kufutwafutwa. Sahihi iambatane na jina la aliyetia sahihi kwa herufi kubwa. Na lifike kwa Mpiga Chapa kabla ya saa tatu asubuhi, Ijumaa ya wiki iliyotangulia ile linayotakiwa kutoka. Malipo hupimwa kwa safu, kwa sababu kila ukurasa una safu mbili: kwa muda mrefu katika miaka ya 2010 robo ya safu au chini yake ilitozwa Sh3,480, ukurasa mzima Sh27,840, na nakala ya gazeti iliuzwa Sh60. Kwa anayeuza ndizi na maembe kando ya barabara, robo ya safu si pesa ndogo.

Usahihi huo wote una sababu. Herufi moja ikikosewa, Mutiso akaandikwa Mutisya, tangazo linamhusu mtu mwingine. Kwa hiyo matoleo mengi huwa na sehemu ya masahihisho, ambamo serikali inakiri kwa mstari mmoja kwamba neno lililochapwa hivi lisomeke vile. Hakuna gazeti la biashara linalosahihisha makosa yake kwa uaminifu wa namna hiyo.

Mirathi na hati zilizopotea hazikumaliza kurasa. Mahakama ilitangaza kusudio la kuteketeza faili za zamani za jinai na za trafiki, ikiwapa wahusika miezi mitatu kudai vielelezo vyao. Kampuni za bima zilitangaza vyeti vya bima vilivyopotea. Magereji yaliwaita wenye magari yaliyotelekezwa waje wayachukue kabla hayajapigwa mnada. Wengine walitangaza tu kwamba wamebadilisha jina. Na kila mwaka Januari ikifika, nambari za matangazo huanza tena moja, na kurasa pia, hadi Desemba zifike maelfu.

Swali ni nani aliyaona. Kwa miongo mingi nakala za gazeti ziliishia kwenye ofisi za serikali, kwa mawakili na kwenye maktaba chache. Kijijini, kazi ya kutangaza ilifanywa na wengine. Chifu kwenye baraza alisoma aliyoletewa na mkuu wa wilaya. Kanisani, katika nchi ambako Africa Inland Mission ilianzia kazi yake mwaka wa 1895 pale Nzaui, dakika za matangazo baada ya mahubiri zilibeba mazishi, harambee na mikutano ya maji. Redio ya taifa ikasoma vifo kwa majina, na baadaye stesheni za Kikamba kama Musyi FM zikachukua nafasi hiyo kwa lugha ya nyumbani. Vyombo hivyo viliwafikia watu. Lakini mahakamani havikuwa na uzito wa karatasi ile ya safu mbili: Sheria ya Ushahidi inaitambua nakala ya Gazeti Rasmi kuwa ushahidi wa kutosha wa mwanzo kwa lile lililotangazwa humo.

Uzito huo una mpaka wake, na ni vyema wenye ardhi waujue. Aprili 1, 2010 serikali ilitumia tangazo la gazeti kufuta hatimiliki za viwanja ilivyodai vilinyakuliwa kutoka kwa umma. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Kuria Greens, Mahakama Kuu ilisema msajili hana mamlaka ya kufuta hati ya mtu kwa tangazo tu bila kumsikiliza. Hata kama nia ilikuwa njema, gazeti haliwezi kushika nafasi ya hakimu.

Baada ya hapo historia iliifuata tena njia ya zamani, ile ya reli. Ujenzi wa reli mpya ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi ulianza mwishoni mwa 2014, na treni za abiria zikaanza safari katikati ya 2017. Katika kipindi hicho, ardhi ya Makueni ilihitajika kutoka Mtito Andei hadi Kibwezi, Emali na kuendelea. Tume ya Taifa ya Ardhi ilichapisha orodha ndefu: nambari ya ploti, jina la mmiliki, ukubwa wa eneo linalochukuliwa. Zikafuata orodha za nyongeza, za kuondoa na za kusahihisha. Mwaka wa 1899 Wakamba walioishi karibu na reli hawakuandikwa popote kama wenye ardhi. Safari hii waliandikwa mmoja mmoja, na Sheria ya Ardhi ya 2012 ikaagiza kwamba kabla ya kikao cha fidia, tangazo litoke gazetini siku zisizopungua 15 mapema na nakala ipelekwe kwa kila anayeonekana kuwa na haki. Kulikuwa na malalamiko ya fidia kuchelewa, na mengine yalikuwa na msingi. Bado hatua hiyo si ndogo. Mtu aliyeandikwa jina lake ana pa kuanzia kudai.

Upande wa pili wa Salama, kuelekea Nairobi, ranchi ya Malili ilipitia jambo la namna yake. Serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi hiyo kwa ajili ya mji wa teknolojia wa Konza, mamlaka ya mji huo ikaundwa kwa tangazo la kisheria mwaka wa 2012, na Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akauzindua.

Katiba ya 2010 ilileta mabadiliko makubwa zaidi katika maisha ya gazeti hili tangu Uhuru. Inalitaja kwa jina. Inasema sheria ya Bunge ichapishwe humo ndani ya siku saba baada ya rais kutia sahihi, na ianze kufanya kazi siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa sheria yenyewe ikisema vingine. Na kwa kaunti, sheria yake haina nguvu hadi ichapishwe kwenye Gazeti Rasmi. Wote, makao makuu ya Makueni, sasa ina nyongeza za gazeti zenye jina la kaunti juu.

Mojawapo ya sheria zilizotokea humo ni ile ya mwaka 2015 ya kuhifadhi na kutumia mchanga. Mtu asiyeijua Makueni anaweza kushangaa kaunti itunge sheria ya mchanga. Mito yake mingi ni ya msimu. Mvua ikiisha maji hubaki chini ya mchanga, na akina mama huchimba humo kupata ya kunywa. Malori ya ujenzi wa Nairobi yakibeba mchanga, maji yanaondoka nao. Damu imemwagika kwa sababu hiyo. Kwa hiyo karatasi ile ya kisheria, yenye vifungu na faini, ilikuwa inahusu kisima cha mtu, na wakulima wa chini ya mto wangeweza kuishika mkononi na kumwonyesha mwenye lori.

Mwaka huohuo gazeti lilibeba jina la Makueni kwa jambo zito zaidi. Gavana Kivutha Kibwana na bunge la kaunti walikuwa hawaelewani, na Septemba 2014 risasi zilifyatuliwa kwenye majengo ya bunge hilo. Wakazi wakaleta ombi la kaunti nzima kusimamishwa, kama Katiba inavyoruhusu, na rais akateua tume ya uchunguzi iliyoongozwa na wakili Mohamed Nyaoga. Tume ilipendekeza kaunti isimamishwe. Rais Uhuru Kenyatta alikataa, na serikali ya kaunti ikaendelea. Wananchi wa kaunti moja ya mashambani walikuwa wameilazimisha dola kutangaza hadharani kwamba inawasikiliza.

Siku hizi matoleo ya gazeti yanapatikana bure kwenye tovuti ya Baraza la Taifa la Kuripoti Sheria, na yale ya tangu enzi ya ukoloni yamepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Kijana mwenye simu pale Salama anaweza kuandika jina la babu yake na kuona kama limewahi kutajwa. Hilo halikuwezekana kwa wazazi wake. Lakini lugha imebaki ileile ya 1899. Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ilhali matangazo ya ardhi na mirathi yanaendelea kutoka kwa Kiingereza cha mawakili. Sheria inataka hati iliyopotea itangazwe pia katika magazeti mawili yanayosomwa nchi nzima. Haitaji baraza la chifu, mahali ambapo jirani anayejua ukweli wa shamba hilo huketi.

Kaunti na ofisi za machifu zinaweza kulirekebisha hilo bila kungoja Bunge: kuchukua matangazo ya wiki yanayotaja maeneo yao, kuyafupisha kwa Kiswahili au Kikamba, kuyabandika kwenye ubao na kuyasoma barazani. Mpaka hapo, mwenye shamba au faili ya mirathi afanye hivi: kila baada ya wiki chache afungue tovuti hiyo, au amwombe mwanawe aifungue, atafute Makueni, Kilungu na nambari ya ploti yake. Akiona tangazo asilolielewa, aandike tarehe ya toleo, maana siku 30 au 60 huhesabiwa kuanzia hiyo, na pingamizi lake liwe la maandishi, lipelekwe kwa msajili wa ardhi au mahakama iliyotajwa kabla muda haujaisha, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri.